Gari Linapochelewa Kuwaka Asubuhi

Ukipita alfajiri katika mitaa ya Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju, utaisikia sauti ile kabla hujaliona gari lenyewe. Stata inalia, inalia, kisha inanyamaza. Inalia tena. Watoto wamekwisha kaa kiti cha nyuma na mabegi yao ya shule, baba anatazama saa, mama anahesabu kimoyomoyo. Mara ya tatu au ya nne gari linakohoa, linawaka, na siku nzima halisumbui tena. Jioni kila mtu amekwisha sahau. Kesho yake ni yale yale.

Magari mengi tunayoyatumia majumbani, yaani IST, Vitz, Raum, Spacio, Noah na wenzao, yalitumika Japani miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini kwetu. Si ajabu yakawa na magonjwa ya uzee. Lakini ugonjwa huu wa kuchelewa kuwaka una tabia yake mbaya. Kwa kuwa gari hatimaye huwaka, familia huuvumilia, na siku uvumilivu unapokwisha ndipo huanza safari ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Plagi mpya. Betri mpya. Kisha pampu ya mafuta. Kila kimoja kinanunuliwa Gerezani au Kariakoo kwa pesa taslimu, na kila kimoja kinasukuma kando hitaji jingine la nyumba.

Huenda msomaji akasema kwamba mambo ya gereji ni ya akina baba. Sikubaliani. Siku hizi akina mama wengi ndio wanaoliendesha gari la nyumbani na ndio wanaolipeleka kwa fundi. Hata yule asiyeendesha anajua kwamba pesa ya pampu na pesa ya ada hutoka katika mfuko mmoja. Tena liko jambo ambalo sisi wauguzi tunaliona kazini: mtoto mwenye pumu habanwi saa nne asubuhi wakati mafundi wako kazini. Hubanwa saa nane za usiku, na usiku huo gari lililo uani ama linawaka ama haliwaki.

Kuna neno moja ambalo mafundi na wauguzi tunalitumia sawasawa, nalo ni presha. Hakuna muuguzi anayemwanzishia mtu dawa za presha kwa kumtazama usoni tu. Kipimo kwanza. Lakini kwa gari, mara nyingi pampu hununuliwa na kufungwa bila mtu yeyote kupima presha ya mafuta, na hata bila mwenye gari kujua kwamba presha hiyo inapimika.

MAFUTA YANAVYOIFIKIA INJINI

Katika magari ya petroli ya siku hizi, pampu ya mafuta imezama ndani ya tangi, nayo inazungushwa na umeme. Katika Toyota ndogo nyingi utaifikia kwa kuinua kiti cha nyuma. Hapo kuna kifuniko, na chini yake pampu. Pampu huyasukuma mafuta kupitia chujio, yakafuata bomba hadi kwenye injini, yakaingia katika bomba nene ambalo mafundi huliita reli. Juu ya reli hiyo zimepangwa nozeli, moja kwa kila silinda, na kompyuta ya gari ndiyo inayozifungua na kuzifunga.

Nozeli kazi yake ni kupuliza petroli iwe kama ukungu, mfano wa dawa ya mbu inavyotoka kwenye kopo. Presha ikiwa pungufu, petroli haipulizwi vizuri, hudondoka kama maji ya bomba lililochoka. Injini ya moto inaweza kuvumilia hali hiyo kidogo. Injini iliyolala usiku kucha haivumilii.

Kipimo chake si siri. Kwa injini ya 1NZ, ambayo imo katika IST nyingi, Vitz kadhaa, Probox na Corolla za miaka ya 2000, presha inayotakiwa ni PSI 44 hadi 50, yaani kilo 3 na nusu kwenda chini kidogo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi, kwa hiyo mafuta yana nguvu kuupita upepo wa tairi. Ile presha ya damu ya juu ya 120 ya mtu mwenye afya, ukiisoma kwa geji ya gereji haifiki hata 3.

Sasa liko jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo kiini cha gari linalosumbua asubuhi tu. Ukizima injini, presha haitakiwi kuondoka mara moja. Kwa injini hiyo hiyo niliyoitaja, dakika 5 baada ya kuzima geji inatakiwa isome PSI 21 au zaidi. Ndani ya pampu kuna vali ndogo inayoyazuia mafuta yasirudi tangini, na nozeli zikiwa zimefunga vizuri, reli hubaki imejaa ikisubiri. Vali ikichoka, au mpira fulani ukipasuka, mafuta hurudi polepole usiku. Asubuhi stata inazungusha injini huku pampu ikihangaika kwanza kulijaza bomba upya. Hizo ndizo zile mara tatu unazozisikia. Bomba likijaa, gari linawaka na kwenda vizuri, kwa sababu pampu yenyewe ni nzima.

Ona basi hasara inavyozaliwa. Pampu inaweza kusukuma vizuri kabisa na gari bado likachelewa kuwaka. Presha ya kusukuma ni jambo moja, presha ya kukaa ni jambo jingine, na fundi asiyezitenganisha hizi mbili atakuuzia kitu usichokihitaji.

HISTORIA YA MGONJWA

Kabla ya geji, kuna maelezo ambayo mwenye gari tu ndiye anayeyajua. Fundi hakuwepo uani kwako saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika kwake na kusema tu “gari linasumbua kuwaka”, ni sawa na mgonjwa anayekaa mbele ya daktari na kusema “naumwa”. Chukua daftari la watoto lililobaki kurasa, uandike kwa wiki moja.

Andika gari lililala saa ngapi na lilichukua mara ngapi kuwaka. Andika kama husumbua likiwa baridi tu, au na pale unapotoka sokoni baada ya nusu saa juani. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Linalosumbua baada ya kulala usiku kucha mara nyingi limepoteza presha taratibu. Linalosumbua likiwa la moto, baada ya kusimama dakika ishirini au thelathini katika joto letu la Februari, huenda presha imeshuka haraka na petroli iliyobaki kwenye reli imechemka ikawa mvuke. Au nozeli inavuja na kuifurika injini.

Nusa pia. Kama linapowaka hutoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, shuku nozeli inayovuja kuliko pampu. Hapo chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda kupita alama na inanuka petroli, usiendelee kulitumia gari hilo, kwa maana petroli imeshuka hadi kwenye oili na inaila injini.

Angalia nguvu. Gari linalochelewa kuwaka lakini linakwenda vizuri barabarani ni tofauti na gari linalochelewa kuwaka na tena linachoka ukikanyaga mafuta kuwapita wengine, au linaposhika kilima cha Kimara likiwa na abiria. Hilo la pili ndilo ambalo pampu yake imechoka kweli, au chujio limeziba, au pampu haipati umeme wa kutosha.

Kisha kuna jaribio moja lisilohitaji chombo chochote. Asubuhi, gari likiwa limelala, piga stata sekunde mbili tu, uache. Vuta pumzi mara kadhaa. Piga tena sekunde mbili, uache. Mara ya tatu piga kama kawaida. Kama sasa linawaka upesi kuliko linavyowaka ukishikilia stata kwa muda mrefu, una dalili nzuri kwamba mafuta yalikuwa yamerudi tangini. Jaribio hili halimtaji mkosaji, lakini linakuonyesha upande wa kumtafuta. Usishikilie stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Stata nayo inaungua, na utakuwa na magonjwa mawili. Na wale vijana wanaojitolea kusukuma, washukuru uwaache wapumzike, maana gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

Utasikia pia ushauri kwamba ufungue swichi bila kupiga stata, usikilize kama pampu inaunguruma. Kwa magari ya aina nyingine ni ushauri mzuri. Lakini kwa Toyota nyingi pampu haiungurumi unapofungua swichi. Huanza pale tu stata inapoizungusha injini. Nimesikia pampu nzima zikihukumiwa kifo kwa sababu hiyo. Mtu mmoja apige stata, mwingine aweke sikio kwenye mdomo wa tangi au kiti cha nyuma. Hapo ndipo ukimya una maana.

YALIYOMKUTA MAMA WA CHAMAZI

Mama mmoja ninayemfahamu, mkazi wa Chamazi, alikuwa na IST iliyokuwa ikisumbua kila asubuhi na kwenda vizuri mchana kutwa. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Zilikuwa zimechakaa kweli, na gari likatulia siku mbili tatu, kisha likarudia. Fundi wa pili alileta mashine ya kupimia, akaichomeka chini ya usukani, ikasema hakuna kosa lolote. Hapo mama akachanganyikiwa zaidi. Hakuambiwa kwamba gari la aina hiyo halina sensa ya presha ya mafuta, kwa hiyo mashine haiwezi kuiona presha hata iwe sifuri.

Fundi wa tatu akasema, “Mama, hii ni pampu, hakuna kingine.” Ikanunuliwa pampu ya mtumba. Pesa yake ilikuwa imetengwa kwa ajili ya muhula mpya wa mtoto wa kidato cha pili. Kesho yake asubuhi gari likachelewa kuwaka vilevile.

Aliyelimaliza jambo alikuwa kijana aliyekuwa na geji. Alifunga geji yake kwenye bomba la mafuta mbele ya injini, akawasha, ikasoma 46. “Pampu yako nzuri, mama,” akasema. Akazima. Wote wawili wakaitazama mishale ya geji na ya saa. Kabla ya dakika moja kwisha presha ilikuwa imeshuka chini ya 10. Geji yake ilikuwa na koki ndogo. Akawasha tena, akazima, na papo hapo akaifunga koki ili kuutenga upande wa tangi na upande wa nozeli. Upande wa nozeli ukatulia bila kushuka. Maana yake nozeli zote zilikuwa nzima na mafuta yalikuwa yakirudia tangini.

Akainua kiti, akatoa pampu. Kwenye shingo ya pampu, pale inapoingia katika nyumba yake, kuna mpira mdogo wa duara ambao mafundi huuita oringi. Ulikuwa umekauka na kupasuka. Fundi aliyetangulia alipofunga pampu ya pili aliuhamisha mpira ule ule kutoka pampu ya kwanza, na ugonjwa ukahama nao. Pampu ya awali haikuwa na kosa. Oringi mpya, ya aina inayohimili petroli, ilifungwa siku hiyo, na gari likawa linawaka kwa mkupuo mmoja.

Sitaki kumlaumu yule fundi wa pampu kupita kiasi. Vijana wengi wamejifunza kazi chini ya mwembe kwa kumwangalia kaka aliyetangulia, na huyo kaka naye hakuwa na geji. Walio na bahati hupita VETA Chang'ombe au penginepo wakafundishwa kupima. Lakini geji ya presha ya mafuta si chombo cha anasa. Fundi anayeishi kwa kutengeneza magari yenye nozeli anapaswa kuwa nayo kama mimi ninavyopaswa kuwa na kipimajoto.

GEJI INAPOSEMA VINGINE

Kisa cha Chamazi kilikuwa na jibu moja. Si mara zote.

Presha ikiwa ndogo tangu injini inapowaka, tuseme 25 au 30 badala ya 44, bado pampu isihukumiwe. Kwanza upimwe umeme unaoifikia pampu, kwa mita, stata ikizunguka na injini ikiwa inawaka. Pampu inayotakiwa kupata volti 12 na zaidi ikipewa 9 kwa sababu ya waya uliooza au relei iliyoungua miguu, itasukuma kinyonge, na pampu mpya itasukuma kinyonge vilevile. Katika mitaa yetu ambayo maji ya mvua hujaa mpaka sakafu za magari zikaloa, waya za chini ya kiti huoza kwa ndani huku zikionekana nzuri kwa nje. Baada ya umeme, chujio. Katika magari mengi ya Japani chujio limo humo humo tangini pamoja na pampu, kwa hiyo husahauliwa miaka nenda miaka rudi.

Kwa magari ya zamani kidogo, kama Carina na Corona za miaka ya 1990, regyuleta haiko tangini. Ipo kwenye reli, na kuna bomba la pili linalorudisha mafuta yaliyozidi. Hapo fundi ana njia rahisi. Achomoe kale kampira kembamba ka hewa kanakokwenda kwenye regyuleta. Kakiwa na unyevu wa petroli ndani, regyuleta imepasuka, mchezo umekwisha. Kama ni kakavu, azime injini, abane mpira wa kurudishia mafuta na atazame geji. Presha ikikaa, regyuleta ndiyo inayovujisha. Mipira pekee ndiyo hubanwa. Bomba la plastiki likibanwa hupasuka.

Na presha ikiwa nzuri pande zote mbili, ya kusukuma na ya kukaa, basi mwache fundi aondoke kabisa kwenye mafuta. Atazame betri, koili, sensa ya joto la maji inayoiambia kompyuta kwamba injini ni baridi. Kipimo kilichokuambia “siyo hapa” kimekuokolea pesa sawasawa na kile kilichokuambia “ni hapa”.

Naongeza onyo kwa wenye Noah na Voxy zenye injini ya D-4. Magari hayo yana pampu mbili, na ile ya pili iliyo kwenye injini hutoa presha ya zaidi ya mara ishirini ya gari la kawaida. Mafuta yenye nguvu hiyo yanaweza kupenya ngozi ya mkono kama sindano, na jeraha lake huonekana dogo kumbe ni la upasuaji. Geji ya kawaida haifungwi upande huo, na fundi wa kubahatisha asiuguse. Magari ya dizeli nayo yana habari yake, nyingi zikihusu hewa inayoingia kwenye mabomba. Hiyo ni makala nyingine.

MAFUTA YA ELFU KUMI

Tunajua tunavyoishi. Gari linawekewa mafuta ya elfu kumi leo, ya elfu kumi keshokutwa, na taa ya njano kwenye dashibodi imezoeleka kama taa ya barazani. Lakini pampu hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Tangi likikaa karibu na tupu, pampu inafanya kazi ya moto bila kupozwa, tena inavuta mchanga na maji yaliyotulia chini. Ukiweza kukaa na robo tangi wakati wote, unatumia lita zile zile kwa mwezi. Tofauti ni kwamba umeanza kuhesabia juu badala ya chini. Kuipata hiyo robo ya kwanza ndiyo kazi. Baada ya hapo elfu kumi ni elfu kumi.

Halafu kuna mafuta mabaya. Neno uchakachuaji lilivuma sana nchini karibu na mwaka 2010, wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini na watu wakiyachanganya katika dizeli na petroli. Mwaka huo EWURA ilianza utaratibu wa kuyawekea mafuta kiashiria cha kuyatambua, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hali ikawa nafuu, ingawa petroli ya chupa inayouzwa kandokando ya barabara haina wa kuiapia. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haishiki moto upesi injini ikiwa baridi. Dalili zake hufanana na za presha ndogo, lakini geji itasoma vizuri. Fundi akishuku hivyo, achukue kidogo katika chupa ya kioo, iachwe itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini, utayaona mstari wake. Tone moja juu ya karatasi nyeupe likauke: petroli safi hupotea upesi, mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kukufanya ubadili kituo.

KABLA BOMBA HALIJAFUNGULIWA

Hapa naomba unisome taratibu, maana sehemu hii inanihusu kwa kazi yangu kuliko kwa gari.

Mafuta ya PSI 46 yakifunguliwa ghafla huruka. Hurukia macho, hurukia injini ya moto. Fundi anayejua kazi huchomoa kwanza fyuzi au relei ya pampu, huwasha injini iache yenyewe kwa kuishiwa mafuta, kisha hutoa waya wa betri, na bado hufunika mahali anapofungulia kwa kitambaa. Ukimwona fundi anafungua bomba la petroli bila hatua hizo, au huku sigara ikiwa sikioni ikisubiri zamu yake, mwombe asimame. Gari ni lako na ua ni wako. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa, mbali na mama lishe, na watoto wasiwe karibu. Petroli hutoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji hadi uufikie moto ulio hatua nyingi mbele. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikwenda kuchota petroli katika lori lililoanguka, na moto ulipolipuka waliokufa walizidi 100.

Aliyerukiwa macho aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Aliyemwagikiwa nguo azivue mara moja, aoge kwa sabuni, na asikaribie moto wowote. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kula, unga na ute wa yai visiguse kidonda.

Tena kuna ile tabia ya kuvuta petroli kwa mdomo kwa mpira ili kutoa mafuta tangini kabla ya kushusha pampu. Ikatazwe kabisa. Petroli haihitaji kufika tumboni ili idhuru. Tone linaloteleza kwenda kwenye mapafu linatosha kuyavimbisha. Na petroli iliyotolewa tangini ikawekwa kwenye chupa ya soda, mtoto ataiona ni soda. Iwekwe katika dumu lenye kifuniko, nje ya nyumba, mahali pa juu.

Ikitokea mtu ameimeza, mkubwa au mdogo, usimtapishe. Kutapika kunaipitisha petroli kooni mara ya pili, na hapo ndipo inapopata njia ya mapafu. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa kudhani yataua sumu. Mvue nguo zilizolowa, mfute mdomo, mkalishe wima na umpeleke hospitali hata kama anacheka na kusema hajisikii vibaya, kwa maana kikohozi na kupumua kwa haraka vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Mwambie mhudumu ni petroli, ni kiasi gani na ni saa ngapi, na uende na dumu au chupa yenyewe.